Fedha Juu, Shaba Ndani: Maisha ya Charles Christofle, Sonara wa Paris (1805–1863)

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Kitengela, na Kajiado kwa jumla, mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Huandaliwa chai ya maziwa, na sukari ikasogezwa karibu naye ajitilie apendavyo. Katika posa za Wamaasai, sukari huwa miongoni mwa vitu wanavyopelekewa wakwe pamoja na mablanketi. Chombo kinachoihifadhi sukari hiyo aghalabu ni kopo au bakuli la plastiki, na hakuna anayeuliza ni nani aliyekitengeneza.

Bakuli la sukari la Kifaransa la karne ya kumi na tisa ni chombo cha ukoo mwingine. Lina miguu mifupi, mikono miwili iliyopindwa kama vikonyo vya mzabibu, na kifuniko chenye kishikio mfano wa tumba la ua. Kwa mbali, mtu huapa kwamba ni fedha tupu. Akilikaribia na kulichunguza pale ambapo vidole na vitambaa vimelisugua kwa miaka mingi, huona umanjano wa shaba ukichungulia. Kumbe fedha ni ngozi tu. Nyama ni shaba. Akiligeuza na kutazama kitako chake, huenda akakuta muhuri mdogo wenye jina la Christofle.

Wahenga walituonya kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Kwa kipimo cha methali hiyo, bakuli hili ni la udanganyifu, na aliyelitengeneza ni laghai. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu huyo ili kuonyesha kwamba hukumu ya namna hiyo ni ya haraka. Charles Christofle hakuificha shaba yake. Alichokifanya ni kupima fedha aliyoipaka juu yake, kuitangaza na kuitilia sahihi.

Suala la hadhi ya mfuaji na kazi yake si geni Kajiado. Miongoni mwa Wamaasai, kazi ya uhunzi ilikuwa ya koo za Ilkunono. Ndio waliofua mikuki na sime zilizolinda mifugo ya jamii nzima, lakini walitengwa: hawakuoana na wengine, na Mmaasai aliyepokea silaha kutoka mkononi mwa mhunzi alijipaka mafuta kiganjani kwanza. Jamii iliihitaji kazi, ikamkwepa mfanyakazi. Ni vyema kulikumbuka jambo hili tunapoingia katika karakana za Paris, kwani huko nako mng'aro ulipendwa kuliko mikono iliyouleta.

Kuzaliwa na Uanagenzi

Charles Christofle alizaliwa Paris mwaka 1805, Napoleon wa Kwanza akiwa katika kilele cha mamlaka yake. Kwa sadfa, ni mwaka huohuo ambapo mwanasayansi wa Kiitalia Luigi Brugnatelli alifaulu kupaka dhahabu kwa nguvu ya umeme, akitumia betri iliyovumbuliwa na mwenzake Alessandro Volta mwaka 1800. Jaribio hilo halikuvuma. Mtoto aliyezaliwa Paris na ufundi uliozaliwa Italia vilikua mbalimbali kwa muda wa takriban miaka arobaini kabla ya kukutana.

Akiwa kijana wa miaka ipatayo kumi na mitano, Christofle aliingia uanagenzi katika karakana ya shemeji yake aliyeitwa Calmette, aliyekuwa akitengeneza vito. Huko alijifunza kazi ya usonara tangu mwanzo: kuyeyusha, kufua, kuunga na kung'arisha. Alimwoa Anne Caroline Bouilhet, aliyekuwa jamaa yake, na ndoa hiyo ilikuja kuwa na maana kubwa katika historia ya kiwanda, kama itakavyoonekana. Katika umri wa miaka ishirini na mitano hivi alishika usukani wa biashara. Ndiyo maana kampuni yenye jina lake huhesabu umri wake kuanzia mwaka 1830.

Miaka kumi ya mwanzo ilikuwa ya vito tu. Christofle alionyesha mapema kipawa cha kuunganisha mkono wa fundi na jicho la mfanyabiashara, na katika maonyesho ya kitaifa ya bidhaa za viwandani ya mwaka 1839 alitunukiwa medali ya dhahabu. Lau angeishia hapo, angekumbukwa na wachache kama sonara hodari wa zama zake.

Moshi wa Zebaki

Ili kuufahamu uamuzi uliobadilisha maisha yake, hatuna budi kutazama jinsi vyombo vilivyopakwa dhahabu na fedha kabla yake. Njia iliyozoeleka zaidi ya kupaka dhahabu ilikuwa ya zebaki. Fundi alichanganya dhahabu na zebaki hadi ikawa kama uji mzito, akaupaka juu ya shaba, kisha akakiweka chombo juu ya moto. Zebaki ilipanda hewani kama moshi, dhahabu ikabaki imeshika. Moshi huo haukwenda mbali. Uliingia katika mapafu ya fundi. Mikono yake ilianza kutetemeka, meno yakalegea, akili ikavurugika. Wengi walikufa kabla ya kuzeeka.

Wakuu wa kazi hiyo waliyajua madhara haya. Ravrio, mtengenezaji maarufu wa mapambo ya shaba wa Paris aliyefariki mwaka 1814, aliacha katika wasia wake fedha za kumzawadia mtu ambaye angegundua njia ya kuwakinga mafundi na sumu ya zebaki. Zawadi hiyo ilimwendea mwanakemia d'Arcet, aliyebuni aina ya meko yenye bomba la kuvuta moshi. Hatari ilipungua, lakini haikuisha.

Kwa upande wa fedha, Waingereza walikuwa wamegundua katika karne ya kumi na nane, mjini Sheffield, namna ya kulishikamanisha bamba la fedha na bamba la shaba kwa joto, kisha kuyabana pamoja hadi yakawa bamba moja jembamba. Njia hiyo haikuwa na sumu ya zebaki, ila ilikuwa na mipaka yake: bamba lilipakwa kwanza na chombo kikaundwa baadaye, kwa hiyo mapambo yenye mikunjo na mashimo yaliwasumbua mafundi, na kingo zilizokatwa zilionyesha shaba waziwazi.

Umeme ulileta suluhisho la matatizo yote mawili. Chombo cha shaba huundwa kwanza, kikakamilika kwa mapambo yake yote, kikasafishwa. Kisha hutumbukizwa katika beseni la maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya fedha na sianidi ya potasiamu. Bamba la fedha huning'inizwa upande wa pili, na mkondo wa umeme ukapitishwa. Fedha huyeyuka kutoka kwenye bamba, ikasafiri majini na kuganda juu ya shaba, hata ndani ya mikunjo isiyofikiwa na brashi. Kadiri chombo kinavyokaa katika beseni ndivyo ngozi ya fedha inavyonenepa. Sianidi nayo ni sumu kali, na haifai kusema kwamba mafundi walitoka hatarini wakaingia salama. Hata hivyo, moshi wa zebaki uliokuwa ukiwaua polepole ulianza kutoweka katika karakana. Ni kwa sababu hiyo Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilitoa mwaka 1842 tuzo ya Montyon, iliyokusudiwa wale waliopunguza madhara ya kazi za mikono, na kuwagawia watu watatu: de la Rive wa Geneva, Elkington wa Birmingham, na Henri de Ruolz wa Paris.

Hataza Mbili kwa Uvumbuzi Mmoja

Jina la Christofle halimo katika orodha hiyo, na hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila anayemsifu anapaswa kulikiri. Hakuvumbua. Alinunua.

Henri de Ruolz alikuwa mtu wa ajabu. Alizaliwa katika ukoo wa makabaila, akawa mtunzi wa muziki ambaye opera zake zilichezwa Naples na Paris, kisha akaugeukia utafiti wa kemia. Ndiye aliyesajili Ufaransa hataza, yaani haki ya pekee ya kuutumia uvumbuzi, kwa njia zake za kupaka dhahabu na fedha kwa umeme. Mwaka 1842 Christofle, aliyekuwa na biashara ya vito inayostawi na sababu chache za kujihatarisha, alizinunua haki hizo.

Punde si punde, matatizo yakajitokeza. George Richards Elkington na wenzake wa Birmingham walikuwa wamesajili uvumbuzi wao mwaka 1840, wakisaidiwa na ugunduzi wa daktari John Wright kuhusu matumizi ya sianidi, na walikuwa wamejikinga kisheria Ufaransa pia. Christofle alijikuta amenunua shamba lenye mwenyewe mwingine. Alikuwa na njia mbili: kuingia vitani na Mwingereza, au kupatana naye. Alichagua mapatano, akapata na haki za Elkington, na hivyo akawa mtu pekee nchini Ufaransa mwenye idhini ya kuvitumia vyote viwili.

Hapa pana funzo kwa wanafunzi wa lugha pia. Katika Kifaransa, jina la Ruolz liligeuka nomino ya kawaida yenye maana ya chombo cha shaba kilichopakwa fedha, na jina la Christofle likafuata njia hiyohiyo. Ni mkondo uleule unaomfanya Mkenya aite sabuni yoyote ya unga Omo. Aliyevumbua na aliyenunua wote wawili waliingia katika kamusi, ila katika biashara jina lililodumu ni la mnunuzi.

Kiwanda na Mahakama

Mwanzoni Christofle alikusudia kuwapakia wengine: masonara wa Paris wangeunda vyombo vyao, naye angevitia katika mabeseni yake. Mpango huo haukuenda alivyotarajia. Wafua fedha wa jadi waliutazama ufundi mpya kwa dharau na hofu. Kwao, fedha ilikuwa fedha hadi ndani, na aliyeweka shaba chini ya ngozi ya fedha alikuwa akiuaibisha usonara wote. Wengine hawakudharau, waliiga kisirisiri bila kulipa.

Basi mwaka 1845 aliunda kampuni ya ubia kwa jina lake, akaanza kutengeneza vyombo vyake mwenyewe katika mtaa wa Bondy: sahani, vijiko, uma, birika, vinara na bakuli za sukari. Wakati huohuo aliwafuata waigaji mahakamani. Miaka ya 1840 ilikuwa kwake ya kesi mfululizo, na hukumu zilizothibitisha haki zake ndizo zilizoiwezesha kampuni kusimama.

Wapo wanaoweza kumwona kama mtu aliyejilimbikizia uvumbuzi usio wake na kuwafungia wengine mlango. Hoja hiyo ina uzito. Ila kuna upande wa pili unaoonekana kwenye kitako cha kila bakuli. Tangu mwaka 1797, sheria ya Ufaransa iliagiza kwamba muhuri wa fundi wa fedha tupu uwe na umbo la msambamba, nao wa vyombo vilivyofunikwa kwa fedha uwe wa mraba. Christofle aliutii mraba huo. Muhuri wake ulikuwa na mizani pamoja na herufi C mbili, na katika vijiko na uma aliongeza nambari inayoonyesha idadi ya gramu za fedha zilizopakwa. Mnunuzi alijua si tu kwamba chini kuna shaba, bali pia ni fedha kiasi gani iliyokuwa juu. Mwigaji aliyepaka fedha nyembamba kama utando wa maziwa hakuwa na ujasiri wa kuandika nambari.

Kwa Kiswahili, neno fedha hutaja madini na pia hutaja pesa. Kifaransa nacho kina neno moja, argent, kwa vitu hivyo viwili. Katika lugha zote mbili, kudanganya kuhusu fedha ni kudanganya mara mbili. Mizani katika muhuri wa Christofle ilikuwa jibu lake kwa shaka hiyo.

Meza ya Mfalme na Meza ya Karani

Wateja wake wa kwanza wengi walikuwa watu wa tabaka lililokuwa likiinukia: mawakili, madaktari, wenye maduka, makarani waliopanda cheo. Hawa hawakuwa na uwezo wa kununua fedha tupu, lakini walitaka meza zao zing'ae siku ya wageni. Christofle aliwapa mng'aro huo kwa sehemu ndogo ya bei.

Ajabu ni kwamba wakuu nao walifuata. Mfalme Louis-Philippe aliagiza vyombo kwake. Baada yake Napoleon wa Tatu, aliyetaka fahari bila kuimaliza hazina, aliagiza seti ya meza ya watu 100 kwa ajili ya kasri la Tuileries, nayo ikaonyeshwa mbele ya umma katika Maonyesho ya Kimataifa ya Paris mwaka 1855. Mtawala wa Ufaransa akala kwa vyombo vya aina ileile aliyoitumia karani wake, na dharau ya masonara wa jadi ikapoteza makali.

Christofle alitengeneza pia mapambo ya meza ya mtawala huyo kwa alumini, madini ambayo katika miaka ya 1850 yalikuwa adimu na ya bei ya juu sana. Baada ya mwaka 1886, njia mpya ya kuyachambua madini hayo kwa umeme iliishusha bei yake. Leo alumini hiyohiyo ndiyo sufuria inayochemsha chai Kitengela. Thamani ya madini, basi, si sifa ya kudumu. Hubadilika kila mara watu wanapogundua njia rahisi ya kuyapata.

Sukari Iliyomo

Haitoshi kulichunguza bakuli na kuisahau sukari. Katika miaka ya 1840, sukari ya Paris ilitokana na aina ya bitiruti iliyolimwa kaskazini mwa Ufaransa, na pia na miwa ya makoloni kama Martinique, Guadeloupe na Bourbon, kisiwa kiitwacho leo Réunion. Mashamba ya makoloni hayo yalilimwa na watumwa hadi mwaka 1848. Kwa msomaji wa Kiswahili, Bourbon si mahali pa mbali. Mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice alitia sahihi mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Watu waliotolewa bara na kupakiwa katika bandari za pwani yetu walikuwa miongoni mwa wale ambao jasho lao na la vizazi vyao liliiotesha miwa hiyo. Utumwa ulipofutwa Bourbon tarehe 20 Desemba 1848, zaidi ya watu 60,000 waliwekwa huru.

Christofle hakuwa mfanyabiashara wa sukari wala wa watumwa, na si haki kumbebesha mzigo huo. Lakini bakuli zake za miaka ya mwanzo zilibeba sukari ya nyakati hizo. Muhuri wake ulieleza ukweli wote kuhusu chombo. Sukari iliyomo haikuwa na muhuri wa kumweleza mlaji ilikotoka.

Kifo na Urithi

Muda wa hataza ulipokwisha katikati ya miaka ya 1850, washindani waliingia sokoni kwa uhuru. Christofle hakuanguka, kwani kufikia hapo jina lake lilikuwa ngao kubwa kuliko hataza. Alifungua kiwanda cha pili Karlsruhe, Ujerumani, na akamkaribisha kazini Henri Bouilhet, mpwa wa mkewe, kijana aliyesomea kemia na uhandisi. Hapo ndipo ndoa ya ujana wake ilipozaa tunda la kiwandani: Bouilhet aliuendeleza ufundi wa umeme hadi ukaweza kuunda sanamu nzima, si kupaka ngozi tu.

Christofle alifariki mwaka 1863 huko Brunoy, karibu na Paris, akiwa hajatimiza miaka 60. Mwanawe Paul na Henri Bouilhet waliiendeleza kampuni. Sanamu mbili kubwa za dhahabu zilizo juu ya jumba la Opera la Paris, zilizobuniwa na mchongaji Gumery, zilitoka katika mabeseni ya kiwanda hicho miaka michache baadaye.

Seti ya Napoleon wa Tatu haikuwa na bahati hiyo. Mwezi Mei 1871, wakati wa vita vya Jumuiya ya Paris, kasri la Tuileries lilichomwa moto. Sehemu ya mapambo ya katikati ya meza iliokolewa kutoka kwenye vifusi, nayo imo hadi leo katika Makumbusho ya Sanaa za Mapambo mjini Paris.

Hitimisho

Maisha ya Charles Christofle hayana ushujaa wa vita wala ugunduzi wa peke yake. Alikuwa mwanagenzi aliyekuwa mkuu wa karakana, akautambua uvumbuzi wa wengine kabla ya wenzake, akaulipia, akaupigania, na akakataa kuuza shaba kwa jina la fedha. Ufundi alioueneza uliwapunguzia mafundi moshi wa zebaki, ingawa haukuwaondolea kila sumu; na uliwafikishia watu wa kawaida uzuri uliokuwa wa mabwana peke yao.

Majina ya mafundi waliosimama kando ya mabeseni yake hayamo katika muhuri. Katika hilo Paris haikuishinda Kajiado: Wamaasai waliutwaa mkuki wa Ilkunono kwa kiganja kilichopakwa mafuta, na Wafaransa walikitwaa kijiko bila kujua kilipita katika mikono ya nani. Kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, mafundi wa jua kali wanaendelea kuchomelea malango na madirisha, na kazi zao nazo hazina sahihi. Anayelishika bakuli la Christofle na kuuona umanjano unaochungulia hana sababu ya kujihisi ametapeliwa. Shaba ile ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na aliyeiweka alisema hivyo kwenye kitako.